Nguvu ni ya Injini, Mwendo ni wa Difu

KATIKA kila mashindano ya magari sifa hugawanywa kwa desturi ile ile. Fungu la kwanza humwendea dereva, la pili humwendea msaidizi wake anayesoma ramani ubavuni, na la tatu huiendea injini, ambayo watu huisifu kama wasifuvyo sauti ya mwimbaji mashuhuri. Katika mgawanyo huo kipo kiungo kimoja ambacho hakipati hata tone. Kimelala mvunguni mwa gari, kimepakwa tope, kimefungiwa ndani ya chungu cha chuma, na hakuna mpita njia anayeinama kukitazama. Mafundi wetu hukiita difu.

Hata hivyo, waulize mafundi waliokuwa wakiyapokea magari ya Safari Rally miaka ile ya vumbi na tope. Watakuambia kwamba gari la kifahari lenye injini nzima, inayonguruma vizuri kabisa, huweza kulala porini usiku kucha kwa sababu jino moja dogo limevunjika huko nyuma. Injini inazunguka, propela inazunguka, na gari halisogei hata shibiri.

Habari za kiungo hiki nilizikusanya Nanyuki. Mji huo uko juu ya mstari wa ikweta, kwenye miguu ya Mlima Kenya, kimo cha karibu mita 1,950 kutoka usawa wa bahari. Sisi watu wa pwani tukifika huko hushangaa asubuhi kuona pumzi zetu zikitoka kama moshi wa buhuri. Upande mmoja kuna barabara ya Timau na Meru, upande wa pili barabara ya Nyeri, na mbele zimetandaa nyanda za Laikipia, zenye udongo mweusi ambao ukinyeshewa hunata kama ulimbo. Kutoka mlimani huteremka mito ya Burguret, Nanyuki, Likii na Ontulili, yenye maji ya baridi kali. Njia za kuuzunguka mlima huu zilitumiwa na Safari kwa miaka mingi, na kwa hiyo mafundi wa huko waliona kwa macho yao mambo ambayo sisi tuliyasikia redioni.

Mwenyeji wangu katika mambo haya alikuwa mzee mmoja mwenye karakana ya mabati nje kidogo ya mji. Hakutaka jina lake liandikwe gazetini. Alisema kwamba fundi hujulikana kwa kazi yake, na kazi ikiharibika hata jina zuri halimfai. Nilimuuliza ni kitu gani hasa kinacholifanya gari la mbio lifike au lisifike.

"Bwana," alinijibu kwa Kiswahili chake cha bara, "injini ni tumbo. Difu ni magoti. Mtu hatembei na tumbo."

Mfano wa zefe

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewane difu ni nini, maana wako wengi wanaoendesha magari miaka ishirini bila kujua. Wasomaji waliowahi kuhudhuria Maulidi ya Lamu watanielewa upesi. Tuseme vijana watano wameshikana mikono katika zefe, wamepanga safu moja, nao wanakata kona. Yule wa ndani ya kona hupiga hatua fupi fupi, karibu asimame pale pale. Yule wa nje hupiga hatua ndefu, karibu akimbie. Wakilazimishwa wote wapige hatua sawa, ama safu itakatika ama mmoja wao ataanguka.

Magurudumu mawili ya nyuma ya gari ni kama vijana hao. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina njia ndefu zaidi ya lile la ndani. Kama yangeunganishwa kwa chuma kimoja kisicholegea, moja lingeburuzwa, tairi lingelika, na katika mwendo wa kasi gari lingekataa kupinda. Difu ndiyo inayoyapa magurudumu ruhusa ya kupishana hatua huku yote mawili yakisukumwa na injini moja. Mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyeisajili difu ya namna hii ni Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa wa Ufaransa, mwaka 1827, kabla hata magari ya petroli hayajafikiriwa. Si ajabu kwamba alikuwa fundi wa saa. Difu ni kazi ya meno kwa meno, na meno hayo hayataki ubabaishaji.

Ndani ya kile chungu cha chuma kuna gurudumu kubwa la meno liitwalo kraun, na dogo liitwalo pinioni, ambalo limeunganishwa na propela. Katikati ya kraun kuna meno mengine madogo yaitwayo spaida, na hayo ndiyo yanayogawanya mwendo kulia na kushoto. Chukua mfano wa pinioni ya meno 10 na kraun ya meno 41. Pinioni itazunguka mara nne na ushei ili kraun izunguke mara moja, na nguvu ya kusukuma itaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Gia ya kwanza ya gari nayo imekwisha kuizidisha nguvu ya injini kama mara tatu. Tatu kwa nne ni kumi na mbili. Basi nguvu inayofika kwenye magurudumu wakati wa kung'oa gari ni kama mara kumi na mbili ya ile iliyotoka kwenye injini, na yote hupita katika meno machache yanayoshikana kwa wakati mmoja, ambayo upana wake hauzidi sana upana wa vidole viwili.

Hapo ndipo msomaji ataona shida ya gari la mbio. Mtu akiongeza nguvu ya injini mara mbili, ameuongeza mzigo wa meno yale yale mara mbili. Injini ikifungwa tabo, ile feni ya kusukuma hewa, nguvu haiji polepole bali huja kwa kishindo. Na kwa kuwa gari la mbio hutakiwa liwe jepesi, mtengenezaji hatamani kuweka difu ya lori. Hivyo hutembea kwenye ukingo wa kisu kati ya wepesi na uimara.

Njia nne za kifo cha difu

Mzee wangu alinihesabia kwa vidole njia nne ambazo difu hufia. Nazieleza hapa kwa utaratibu wake.

Ya kwanza ni kuruka. Gari linapopanda kilima kwa kasi hupaa hewani. Kama mguu wa dereva bado umekandamiza mafuta, magurudumu hayana tena ardhi ya kuyashika, nayo huzunguka kwa kasi ya kichaa. Gari likitua, ardhi huyakamata ghafla. Mwendo wote ule lazima usimame kwa kufumba na kufumbua, huku injini ingali inasukuma. Kitu kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotoa roho: jino la pinioni, pini ya spaida au shafti ya gurudumu. Ndiyo maana madereva stadi huondoa mguu kwenye mafuta wakiwa hewani, na kuurudisha gari likishatua. Mtazamaji hupenda kuona gari likiruka. Fundi hufumba macho.

Ya pili ni gurudumu moja kuzunguka pekee. Difu ya kawaida ina kasoro moja ya kimaumbile: husukuma pande mbili kwa nguvu sawa, na kwa hiyo upande mmoja ukiwa kwenye utelezi usio na upinzani, upande wa pili nao haupati kitu. Katika tope jeusi la Laikipia gurudumu moja husimama kama limepigiliwa misumari, na lingine huzunguka mara mbili ya kasi ya kraun. Spaida hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Ni kwa ajili ya kona tu, mizunguko michache na basi. Dereva akikaidi akakanyaga mafuta kwa dakika kadhaa, mafuta ya kulainisha hurushwa pembeni, pini hukauka, huungua na kunasa. Magari ya mbio huwekewa difu yenye sahani za kubana, zisizoruhusu gurudumu moja kukimbia peke yake. Lakini sahani hizo nazo huchakaa na zinahitaji mafuta yake maalumu. Na zinapobana sana, mzigo wote huhamia kwenye shafti.

Ya tatu ni maji, na hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Difu iliyokimbia kwa kasi huwa ya moto kiasi cha kumbabua mtu mkono. Gari likiingia ghafla katika mto wenye maji ya mlimani, hewa iliyo ndani ya difu hupoa na kunywea. Juu ya difu kuna kitundu au kibomba cha kupumulia. Kikiwa kimezibwa na tope, difu haina pa kuvutia hewa, nayo huvuta kupitia kwenye sili za mpira. Na kwa kuwa sili wakati huo zimezama, kinachoingia ni maji. Siku mbili tatu baadaye ukifungua nati utaona mafuta yamekuwa meupe kama chai ya maziwa. Mafuta ya namna hiyo hayalainishi. Huoza beringi na kula meno.

Ya nne ni kulegea. Kraun na pinioni hukutana kwa kuteleza juu ya kila moja kwa mkandamizo mkubwa, na mafuta ya injini hayawezi kustahimili mkandamizo huo. Mafuta ya difu hutiwa dawa zenye kibiriti, na ndiyo sababu ya harufu yake kali. Mtu akijaza mafuta yasiyofaa, au akiacha sili ivuje mpaka kiwango kishuke, beringi huanza kulegea. Zikilegea, pinioni husogea kidogo tu, unene wa karatasi, na meno hayakutani tena katikati bali kwenye ncha. Ncha hukatika.

"Lakini difu haifi kama mtu aliyegongwa," aliongeza mzee. "Inakufa kama mgonjwa. Inalia kwanza. Shida ni nyinyi mnaongeza sauti ya redio."

Akanifundisha kusikiliza. Difu ikivuma unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoyaachia, mara nyingi kraun na pinioni hazikukutana sawasawa. Ikivuma unapoyaachia, shuku beringi za pinioni. Ikigonga mara moja unapobadilisha kutoka mbele kwenda nyuma, kuna mwanya mahali, katika spaida au katika viungo vya propela.

Waliokuwa wa pili

Sasa tuyatazame mambo hayo katika historia ya Safari yenyewe. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa ugumu wake hayakuwa na mfano. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hiyo pia yakafika 7. Miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Baina ya miaka hiyo, 1966 na 1967, walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, nao pia kwa Peugeot 404.

Peugeot 404 halikuwa gari la mbio. Lilikuwa gari la familia, na wengi wetu tulipandishwa humo kwenda harusini. Lakini mvunguni mwake kulikuwa na jambo. Propela yake ilifungiwa ndani ya bomba la chuma, haikuachwa wazi kupigwa na mawe. Na difu yake haikutumia kraun na pinioni za kawaida, bali skrubu nene ya chuma iliyozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Ni mtambo mzito, unaokula nguvu kidogo, lakini mvumilivu. Sisemi kwamba gari lilishinda kwa difu pekee. Nasema kwamba waliolibuni walifikiri juu ya sehemu ambayo hakuna anayeitazama.

Kwa upande mwingine yalikuja magari ya kasi yenye jina kubwa. Porsche 911, ambayo injini yake hukaa nyuma kabisa na giaboksi na difu zake huwa ndani ya chungu kimoja, ilimaliza ya pili mara tatu: mwaka 1972 kwa Sobiesław Zasada, 1974 kwa Björn Waldegård, na 1978 kwa Vic Preston Mdogo wa Kenya. Haikupata kuwa ya kwanza katika enzi hizo. Lancia Stratos, yenye injini ya Ferrari, ilishika nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1975, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Nayo haikupata kushinda.

Gari la kasi lililoshinda ni Datsun 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alikuwa wa kwanza na Shekhar Mehta wa pili, wote katika gari hilo, na mwaka 1973 Mehta mwenyewe alikuwa wa kwanza. Gari hili lilikuwa na difu iliyofungwa kwenye mwili, na shafti mbili zenye viungo kwenda kwenye magurudumu. Katika magari ya mwanzo difu ilikaa mbele kidogo ya magurudumu, shafti zikawa zimepinda muda wote zikisugua viungo vyake. Katika mwaka 1971 kiwanda kiliisogeza difu nyuma kama sentimita tatu na nusu ili shafti zinyooke. Sentimita tatu na nusu, msomaji! Mtu anayelitazama gari barabarani hawezi kuziona, lakini kiungo kilichokuwa kikisaga usiku na mchana kilizihisi.

Fundisho kubwa zaidi lilikuja miaka ya themanini. Audi ilileta gari la Quattro, linalosukumwa na magurudumu yote manne, nalo lilitikisa Ulaya nzima. Gari kama hilo lina difu tatu: ya mbele, ya nyuma, na ya katikati ya kugawanya nguvu baina ya mbili hizo. Watu walidhani Safari imekwisha. Kumbe sivyo. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda kwa Opel Ascona ya kusukumwa nyuma tu, na Audi za Hannu Mikkola na Michèle Mouton zikawa ya pili na ya tatu. Kisha Toyota Celica, yenye tabo lakini inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma kupitia ekseli moja ngumu ya mtindo wa kale, ilishinda mwaka 1984 kwa Waldegård, 1985 kwa Juha Kankkunen, na 1986 kwa Waldegård tena. Miaka hiyo huko Ulaya gari la magurudumu mawili lilikuwa limekwisha kuonekana kama kanzu iliyopitwa na wakati.

Kwa nini? Kwa maoni yangu jibu ni hesabu. Kila difu inayoongezwa ni mahali pengine pa kuvunjika, na kila shafti ni shafti nyingine ya kulindwa na mawe. Ulaya mashindano yalikuwa vipande vifupi vifupi, na mafundi walikuwa karibu. Huku kwetu yalikuwa maelfu ya kilomita, na palipovunjika gari huenda jirani pekee alikuwa twiga. Mpaka difu za magurudumu manne zilipokomaa ndipo mambo yakageuka: mwaka 1987 Mikkola alishinda kwa Audi 200 Quattro, gari zito la kistaarabu, na tangu mwaka huo hakuna gari la magurudumu mawili lililoshinda tena Safari. Hata mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, baada ya kuwa nje tangu 2002, magari yaliyoshinda yalikuwa ya namna hiyo. Mpya ilishinda ya kale, lakini baada ya kwenda shule.

Na Porsche nayo haikuachwa. Katika mashindano ya magari ya zamani yaitwayo East African Safari Classic, mwaka 2011, Waldegård alishinda kwa Porsche 911 ya kale iliyotayarishwa upya kwa njia za Afrika. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 70, na ilikuwa miaka 37 tangu aliposhika nafasi ya pili kwa Porsche hiyo hiyo ya jina.

Tairi mbili mpya, mbili kuukuu

Huenda msomaji akauliza: haya yananihusu nini mimi ninayekaa Majengo au Kisauni, nisiyeshindana na mtu? Nilipokuwa karakanani niliona yanatuhusu wote.

Aliingia kijana mmoja mfanyabiashara wa viazi, mwenye gari la Kijapani la magurudumu manne, lenye tabo, la aina inayopendwa na vijana kote nchini. Alikuwa amelinunua kwa akiba ya miaka minne. Lalamiko lake ni kwamba gari likikata kona polepole lilikuwa likishikana kana kwamba mtu amevuta breki ya mkono, na kulikuwa na harufu ya kuungua. Alikuwa amekwisha kubadilishiwa breki mahali pengine, akalipa, na ugonjwa ukabaki.

Mzee hakufungua kitu. Alizunguka gari, akainama, akapitisha kidole juu ya tairi. Za mbele zilikuwa mpya; za nyuma zilikuwa zimelika.

Hesabu yake ni hii. Tairi jipya likiwa na meno ya milimita 8 na lililochakaa milimita 3, tofauti ya mzunguko wao ni kama milimita 31. Kampuni ya Subaru, kwa mfano, hushauri wenye magari yake ya magurudumu manne kwamba tofauti hiyo isizidi robo ya inchi, yaani kama milimita 6. Magurudumu yaliyolika huzunguka zaidi kwa mara nane hivi katika kila kilomita. Kutoka Nanyuki hadi Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 200, ni ziada ya mizunguko zaidi ya 1,600, na ziada hiyo yote humezwa na difu ya katikati. Difu ambayo imeumbwa kupumzika njia nzima iliyonyooka inafanya kazi bila kukoma, kama mtu aliyeamriwa kukata kona kutoka Nanyuki mpaka Nairobi. Katika magari mengi ya aina hiyo difu ya katikati ina mafuta mazito ya kunata ambayo yakichemka mno hugandamana, na hayarudi tena hali yake. Ndipo gari linaposhikana.

Kijana alinyamaza. Kisha akauliza kama angeweza kuendelea nalo hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi.

"Kijana wangu," mzee alimjibu, "hii ikinasa ukiwa kwenye mteremko, na mvua, magurudumu yanasimama na gari haisimami. Wewe utaniambia mwezi uliishia wapi."

Maneno hayo si ya kutisha watu bure. Difu inayonasa katika kasi huyafunga magurudumu bila dereva kugusa breki, na usukani hauna tena la kufanya. Na safari za usiku za barabara zetu, kutoka milimani hata Mtito Andei na Mariakani, zimejaa vijana wenye magari ya nguvu ambao wametumia fedha kuongeza tabo, bomba la moshi na taa, na hawajapata kutumia shilingi moja kubadilisha mafuta ya difu.

Liko jambo jingine lililomsikitisha mzee. Zamani kijana wa karakana alifundishwa kuipanga kraun na pinioni: kuzipaka meno rangi, kuzizungusha, kutazama alama zilipogusana, kisha kuongeza au kupunguza sahani nyembamba mpaka alama ikae katikati ya jino. Ni kazi ya siku nzima, na huhitaji subira ya mshona kofia. Siku hizi difu ikilia hununuliwa nzima kutoka kwa wauzaji wa vipuri vya mitumba, hufungwa kwa saa mbili, na hakuna anayejua imetoka katika gari la namna gani wala imekwenda umbali gani. Wenye fedha huona wameokoa wakati. Lakini fundi asiyeweza kufungua difu hawezi kusema kwa nini ya kwanza ilikufa, na kwa hiyo hawezi kuizuia ya pili isife.

Yaliyobaki kwetu

Sisi wa pwani hatuna mito ya barafu, lakini tuna mafuriko ya masika yanayogeuza mitaa ya Mombasa kuwa vijito, na madereva wanaopita humo na magari yenye moto. Tuna mchanga wa pwani, ambamo gurudumu moja huzama na kuzunguka kama lile la tope la Laikipia. Tuna chumvi inayokula kila chuma na kuziba kila kitundu. Basi wasia wa Nanyuki unatufaa.

Baada ya kupita katika maji ya kina, fungua nati ya difu utazame rangi ya mafuta. Safisha kitundu cha kupumulia. Gari la magurudumu manne lipewe tairi nne zinazolingana, na kama fedha hazitoshi kwa nne, ni afadhali likae nyumbani wiki mbili zaidi. Likikwama mchangani usishindane nalo kwa mguu. Shuka, chimba, weka makuti au mbao chini ya tairi. Na ukisikia mvumo mpya, zima redio.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yule kijana wa viazi aliinama. Mzee alimpa taa, akamlaza chini ya gari lake mwenyewe, akamwonyesha difu ya katikati ilipo, ya nyuma, na shafti zinavyoungana. Nilipokuwa nikiondoka alikuwa bado huko chini, miguu tu ikionekana, akiuliza swali baada ya swali.